Majani ya Ngano: Kutoka Banda la Kuku hadi Kwenye Glasi

Mwaka 1930, Marekani ikiwa imezama katika mdororo wa uchumi, mkemia wa kilimo Charles Schnabel aliwalisha majani machanga ya nafaka kuku waliokuwa wakifa. Kuku wakapona, wakaanza kutaga zaidi kuliko hata wenzao wazima. Schnabel akayakausha majani hayo, akayasaga, akawapa unga wake watu wa nyumbani kwake na majirani. Kampuni ya Quaker Oats ilikuwa miongoni mwa waliomfadhili, na kufikia mwaka 1940 makopo ya unga huo yalikuwa yakiuzwa katika maduka ya dawa ya Marekani na Kanada.

Mchango wake mkubwa ulikuwa kutambua wakati wa kukata. Ngano changa hulimbikiza virutubisho kwenye majani hadi shina linapoanza kufanya pingili. Baada ya hapo nguvu ya mmea huhamia kwenye shina na suke, majani yakabaki na nyuzinyuzi nyingi. Mvunaji aliyechelewa alikuwa na malisho ya ng'ombe tu.

Glasi ya juisi tunayoijua leo ililetwa na Ann Wigmore, mzaliwa wa Lithuania aliyeishi Boston. Yeye aliotesha ngano ndani ya nyumba kwenye trei za udongo, akayakamua majani mabichi na kunywa juisi yake papo hapo. Alihubiri kwamba klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, husafisha damu. Ni kweli kwamba molekuli ya klorofili inafanana na hemu, sehemu ya damu inayoshika oksijeni: moja ina magnesi katikati, nyingine ina chuma. Lakini mfanano huo haugeuzi majani kuwa damu, kwa sababu mwili hauna njia ya kubadilisha moja kuwa nyingine. Wigmore alivuka mpaka. Mwaka 1988 Mwanasheria Mkuu wa Massachusetts alimfikisha mahakamani kwa madai yake kuhusu tiba ya UKIMWI, na madai kama hayo ni hatari kwa sababu mgonjwa anayeyaamini huweza kuacha dawa.

Je, ndani ya glasi mna nini hasa? Mna chuma, magnesi, potasiamu, vitamini E na beta-karotini, ila kipimo chenyewe ni kidogo. Mililita 30 za juisi hutoa chuma kisichofika miligramu 1, ilhali mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji takriban miligramu 18 kwa siku. Sahani ya spinachi humpa zaidi, na kwa bei nafuu.

Hata hivyo, majani haya hayastahili kudharauliwa. Mwaka 2002 watafiti wa Israeli walichapisha jaribio la wagonjwa wapatao 20 wenye vidonda vya utumbo mpana. Waliokunywa juisi hiyo kwa mwezi mmoja walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa kinywaji cha kulinganishia. Jaribio lilikuwa dogo mno kuwa msingi wa tiba, ila lilifanywa kwa utaratibu unaostahili kurudiwa kwa wagonjwa wengi zaidi.