Anwani ya IP: Je, Mtu Anaweza Kujua Unapoishi?

Kila simu ikiingia mtandaoni hutumia namba inayoitwa anwani ya IP. Tovuti unayoifungua lazima iione, la sivyo haitajua itume majibu wapi.

Sasa namba hiyo inasema nini? Inaonyesha kampuni inayokupa intaneti, nchi uliyopo na mara nyingi mji wa karibu. Basi. Jina lako halimo, namba ya nyumba haimo. Tena ukitumia bando la simu, watu wengi mnaweza kuwa na anwani moja kwa wakati mmoja.

Kuiamini kupita kiasi ni hatari. Kampuni ya MaxMind ilipojua tu kwamba anwani ipo Marekani, ramani yake ilionyesha katikati ya nchi. Hapo paliangukia shamba la watu huko Kansas. Anwani zaidi ya milioni 600 zikaelekezwa pale. Kwa miaka, polisi walibisha hodi wakitafuta matapeli na watoto waliotoroka nyumbani. Chanzo kilijulikana 2016.

Anayeweza kukutambua kweli ni kampuni yako ya simu: ina kumbukumbu, na laini imesajiliwa kwa jina lako.

VPN je? Inaificha anwani yako kwa tovuti, lakini mwenye VPN anaiona, kwa hiyo zile za bure kuwa nazo makini. Na ukishaingia kwenye akaunti yako au kuruhusu GPS, umeshajitaja mwenyewe.