Walinzi ukutani: jinsi mwili unavyotambua virusi vya herpesi

Katika makanisa yetu mtu akitokewa na malengelenge kandoni mwa mdomo, maneno huanza haraka. Wengine wanasema amerogwa. Wengine wanamhesabu kuwa mzinzi, na Jumapili ya Meza ya Bwana hakuna anayetaka kukaa karibu naye. Makala hii inaeleza ugonjwa huu ni nini na jinsi mwili unavyoutambua. Inaeleza pia dalili ambazo zikionekana, mgonjwa apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo.

Virusi vyenyewe

Malengelenge hayo huletwa na virusi vya herpesi simpleksi. Viko vya aina mbili. Aina ya 1 hupatikana zaidi mdomoni na huambukizwa kwa mate na kwa kugusana. Wengi huipata wakiwa watoto, kwa busu la mzazi ama la ndugu. Aina ya 2 huambukizwa zaidi kwa ngono. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linakadiria kwamba watu bilioni 3,8 wenye umri chini ya miaka 50, yaani asilimia 64, wana aina ya 1. Kwa hiyo kidonda cha mdomo si ushahidi wa uasherati.

Virusi vikiisha kuingia, hupanda kwa njia ya mishipa ya fahamu na kulala humo maisha yote. Homa, jua kali, uchovu ama mahangaiko vinaweza kuviamsha.

Walinzi wa kwanza

Mwili una kinga ya namna mbili. Iko kinga inayojifunza adui mmoja mmoja, nayo huhitaji siku kadhaa. Na iko kinga ya asili, tunayozaliwa nayo, ambayo huanza kazi ndani ya masaa machache. Katika Nehemia sura ya 4 tunasoma kwamba Nehemia aliweka walinzi mahali mbalimbali pa ukuta, na mpiga tarumbeta alikuwa kando yake. Kinga ya asili inafanana na mpango huo.

Mlinzi wa nje anaitwa TLR2. Yuko juu ya ngozi ya chembe ya mwili, na hutambua protini zilizo kwenye ganda la virusi.

Walinzi wengine wako katika vifuko vilivyo ndani ya chembe. TLR9 hutambua ADN ya virusi. TLR3 hutambua ARN yenye nyuzi mbili, ambayo hutokea virusi vinapojizidisha.

Yuko tena mlinzi anayeitwa cGAS. Sehemu kubwa ya ADN yetu hukaa ndani ya kiini cha chembe. ADN ikionekana nje ya kiini, ni alama ya hatari. cGAS huikamata, kisha hutengeneza mjumbe mdogo anayepeleka habari kwa protini iitwayo STING. Kutoka hapo amri hufika kwenye kiini. Kazi hii ya cGAS ilitangazwa mwaka 2013 na Zhijian Chen na wenzake huko Dallas, Marekani.

Amri hiyo inasema: tengeneza interferoni. Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliigundua London mwaka 1957. Interferoni ndiyo tarumbeta. Chembe iliyoshambuliwa huitoa ili kuonya jirani zake, nazo hujiandaa ili virusi visipate nafasi ya kuzaana ndani yao. Adui naye ana werevu: virusi vya herpesi hubeba protini, kama ile iitwayo ICP0, ambazo huharibu baadhi ya walinzi hao.

Pengo ukutani

Mara chache virusi hufika kwenye ubongo. Mwaka 2007, timu ya Jean-Laurent Casanova huko Paris ilionyesha kwamba baadhi ya watoto waliopata ugonjwa huo walizaliwa na kasoro katika TLR3. Magonjwa mengine miili yao iliyashinda vizuri. Mlinzi mmoja tu ndiye aliyekosekana. Hiyo si laana, wala si dhambi ya wazazi.

Hapa sisi wachungaji tujihadhari. Herpesi ya ubongo huleta homa, maumivu ya kichwa, kuchanganyikiwa, kubadilika tabia kwa ghafula, maneno yasiyoeleweka na kifafa. Ni rahisi kusema ni pepo, na kumweka mgonjwa siku tatu katika chumba cha maombi. Bila dawa, wagonjwa kama 7 kati ya 10 hufa. Dawa iitwayo asikloviri, ikitiwa mapema katika mshipa, huokoa wengi. Malaria kali nayo yaweza kuonekana hivyo hivyo. Zote mbili zinahitaji hospitali bila kukawia. Tuombe tukiwa njiani kwenda huko, na tuombe kando ya kitanda.

Mambo ya kushika

- Mwenye kidonda mdomoni asibusu mtoto mchanga. Kinga ya mtoto huyo bado ni changa, na ugonjwa huu unaweza kumuua.
- Anawe mikono akiisha kugusa kidonda, wala asiguse macho.
- Mama mjamzito mwenye vidonda sehemu za siri amwambie mkunga kabla ya kuzaa.
- Aina ya 2 huongeza hatari ya kupata virusi vya SIDA. Mwenye vidonda hivyo akapimwe.
- Kanisa linalotumia kikombe kimoja limpe mwenye kidonda kikombe chake, kwa upole, bila kumtangaza.

Aliye na kidonda mdomoni yumo katika vita ambayo wengi wetu tunayo mwilini bila kuijua. Tusimwongezee mzigo wa aibu.