Noeli Isiyo na Maneno: Historia ya Onyesho la Desemba la Okestra za Vijana Marekani

Onyesho la Desemba la okestra ya vijana ya ala za kupuliza, kama linavyofanyika leo katika miji mingi ya Marekani, lina sura ya desturi kongwe: wazazi huketi ukumbini, vijana waliovaa nguo nyeusi hujipanga nusu duara mbele ya kiongozi wao, na nyimbo za Noeli hupigwa zikichanganywa na vipande vya majira ya baridi visivyomtaja Masihi wala hori alimolazwa. Ukongwe huo, hata hivyo, ni wa juujuu tu, kwani okestra ya namna hii ni zao la karne ya ishirini, na uteuzi wa nyimbo zake umeathiriwa zaidi na watengenezaji wa ala, wanajeshi na majaji kuliko ulivyoathiriwa na kanisa.

Okestra ya ala za kupuliza ni kundi lisilokuwa na fidla, ambalo sauti zake hutokana na pumzi ya wapigaji wa filimbi, klarineti, saksofoni, tarumbeta, trombono na tuba, zikisaidiwa na ngoma na matuazi, yaani sahani za shaba zinazogonganishwa. Asili yake ni jeshini. Ngoma kubwa na matuazi yaliingia katika bendi za Ulaya kwa kuigwa kutoka kwa askari wa dola ya Uthmaniya, na mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 yalimpa Bernard Sarrette nafasi ya kuunda bendi ya Walinzi wa Taifa mjini Paris, ambayo ilihitajiwa kwa sababu sherehe za mapinduzi zilifanyika uwanjani, mahali ambapo fidla haisikiki. Baadaye kulikuja ufundi uliorahisisha upigaji: vali, yaani kifaa kinachobonyezwa ili kubadili njia ya hewa ndani ya bomba, zilisajiliwa mjini Berlin mwaka 1818, na Adolphe Sax aliisajili saksofoni mwaka 1846. Bila vali, tarumbeta hutoa noti chache tu za asili, na haielekei kwamba mtoto wa miaka kumi na mitatu angeweza kupiga nayo wimbo mzima kwa mafunzo ya miezi michache. (Pwani ya Afrika Mashariki ilipokea muziki huohuo kwa mlango uleule wa kijeshi, na beni za Lamu na Mombasa, pamoja na mashindano yao makali, zina nasaba moja na bendi hizi.)

Nchini Marekani bendi zilipendwa sana katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, hasa kwa juhudi za Patrick Gilmore, aliyekusanya wapigaji wapatao 1,000 mjini Boston mwaka 1869, na John Philip Sousa, aliyeongoza bendi ya wanamaji wa nchi hiyo kuanzia 1880 hadi 1892 kabla ya kuunda yake mwenyewe. Hizo zilikuwa bendi za watu wazima. Vijana waliingia kwa wingi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na sababu kubwa ilikuwa ya kibiashara: oda za jeshi zilikatika, gramafoni, sinema na redio zikawavuta watu kutoka kwenye bendi za mitaani, na viwanda vya ala, ambavyo vingi vilikuwa katika mji wa Elkhart jimboni Indiana, vikahitaji wateja wapya. Wateja hao walipatikana shuleni. Mwaka 1923 wenye viwanda waligharimia mashindano ya kitaifa ya bendi za shule mjini Chicago, na punde si punde ushindi katika mashindano ya aina hiyo ukawa fahari ya mji mzima, kama ilivyokuwa kwa Joliet, Illinois, ambao bendi ya shule yake ya sekondari ilitwaa ubingwa miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1926 hadi 1928. Ni rahisi kuwabeza wenye viwanda kwa tamaa yao, lakini bila tamaa hiyo watoto wengi wa wafanyakazi wasingegusa klarineti maishani.

Kalenda nayo ilichangia. Bendi ya shule hutumia majira ya vuli uwanjani, ikipiga huku ikitembea katika mechi za kandanda ya Kimarekani, na msimu huo unapokwisha mnamo Novemba, Desemba huwa nafasi yake ya kwanza ya kuketi ndani na kupiga muziki wa kusikilizwa.

Hadhi ya muziki huo wa kuketi iliinuliwa na Frederick Fennell wa Chuo cha Muziki cha Eastman, mjini Rochester, ambaye alipolazwa hospitalini kwa homa ya ini mwaka 1951 alitafakari kundi ambalo kila sehemu ya muziki ingepigwa na mtu mmoja, badala ya safu nzima za klarineti kurudia noti zilezile. Kundi hilo lilianza mwaka 1952, na okestra za vijana zinazochagua wanachama kwa usaili zilirithi fikra zake, ingawa ni nadra kwao kushika kanuni ya mtu mmoja, kwa kuwa kiongozi anayetegemea ada za wazazi hawezi kuwafukuza nusu ya watoto.

Katika nyimbo za msimu, hakuna unaotarajiwa zaidi ya "Sleigh Ride" wa Leroy Anderson, ambao alianza kuutunga Julai 1946, wakati wa joto kali na ukame huko Connecticut, na ambao ulipigwa kwa mara ya kwanza Mei 1948 na okestra ya Boston Pops. Unasimulia safari ya kigari kinachoteleza juu ya theluji kikikokotwa na farasi: vipande vya mbao vyenye uwazi hugongwa kuiga kwato, vibao viwili vilivyoungwa kwa bawaba hugonganishwa kuiga mjeledi, na mwishoni mpiga tarumbeta hubonyeza vali nusu tu huku akitikisa sauti, hata mlio wa farasi ukasikika. Maneno yaliongezwa mwaka 1950, nayo hayaitaji Noeli.

Jambo hilo lilikuja kuwa na uzito wa kisheria. Mwaka 1963 Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku usomaji wa Biblia kama ibada katika shule za umma, na swali likazuka kuhusu nyimbo. Katika mji wa Sioux Falls, South Dakota, malalamiko juu ya onyesho la Noeli la watoto wa chekechea yaliilazimu bodi ya shule kuandika kanuni, na mwaka 1980 mahakama ya rufani iliamua kwamba muziki wa kidini unaruhusiwa ukiwasilishwa kama urithi wa utamaduni, si kama ibada. Katika miji ya South Orange na Maplewood, New Jersey, shule zilikwenda mbali zaidi zikaondoa nyimbo za dini za sikukuu hata zilizopigwa kwa ala bila mwimbaji, na mahakama nyingine ya rufani iliridhia mwaka 2009 kwamba zilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Hukumu hizo mbili hazipingani, kwa kuwa ya kwanza inaruhusu na ya pili hailazimishi, lakini ya pili iligusa okestra hizi moja kwa moja, kwani ilikubali kwamba lahani isiyo na neno hata moja huweza kuhesabiwa kuwa wimbo wa dini.

Okestra zisizo za shule hazibanwi na masharti hayo, nazo ziko huru kuupiga "Russian Christmas Music" wa Alfred Reed, ambaye akiwa askari wa miaka 23 katika bendi ya jeshi la anga aliutunga kwa muda usiofika wiki tatu, kwa ajili ya onyesho la Desemba 1944 mjini Denver lililokusudiwa kuimarisha urafiki na Urusi, mshirika wa vita wa wakati huo. Wimbo huo, uliojengwa juu ya wimbo wa kale wa Noeli wa Kirusi na lahani za liturujia ya Kiorthodoksi, huanza kwa kengele na klarineti za sauti nzito, nao hudai pumzi ndefu ambazo wapigaji wachanga hawanazo, kwa hiyo shule ndogo huuacha na kurudi kwenye kigari cha Anderson.