Kiwanda Kilichotangulia Ramani

Alizeti ikishavunwa, kati ya Mei na Julai, viwanja vya mashine za kukamua mafuta mjini Singida hujaa magunia. Mbegu huingia upande mmoja, mafuta yakachuruzika kwenye chujio, na mashudu yakarundikwa uani yakisubiri wafugaji. Kelele na vumbi ni vya kutwa nzima.

Miji yetu ina mashine nyingi zilizowashwa kabla mtaa haujachorewa ramani. Mpimaji alipofika, eneo likaandikwa makazi na mashine ikajikuta katikati ya vyumba vya kulala. Leo kiwanja kimepanda thamani, na mwenyewe anataka kubomoa ajenge nyumba ya wageni au fremu za maduka. Hoja yake ni moja: nilianza kabla yenu.

Hoja hiyo ni ya zamani. New York ilipogawa mji kwa matumizi mwaka 1916, shughuli zilizokuwapo ziliachwa ziendelee, wapanga miji wakitumaini zitakufa zenyewe. Uingereza ilitunga sheria yake ya mipango mwaka 1947: kuanzia Julai 1, 1948, kila uendelezaji mpya uliombewa kibali, lakini aliyekuwa akitumia ardhi yake hakusumbuliwa. Kutoka chimbuko hilo ikaja Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya Tanganyika ya mwaka 1956, iliyodumu hadi ilipofutwa na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007.

Lakini sisi tulikuwa na jambo la ziada. Tangu Sheria ya Ardhi ya 1923, ardhi ni ya umma na mtu hupewa haki ya kuitumia tu, kwa masharti. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 haikuliondoa hilo. Kwa hiyo hati ikisema kiwanda, aliyetangulia amelindwa kwa kazi ile ile. Akitaka maduka, anaomba mabadiliko ya matumizi kupitia halmashauri, kisha masharti ya hati yake yabadilishwe. Kutangulia kwake hakumvushi hapo.

Naona hiyo ni haki. Jirani aliyevumilia vumbi miaka yote anastahili kuulizwa kabla ya ghorofa kupanda ukutani kwake, na mkulima wa Ikungi au Iramba anastahili kujua alizeti yake itakamuliwa wapi mashine za mjini zikiisha. Halmashauri inayoidhinisha fremu bila kutenga eneo la viwanda inamsukuma huyo mkulima auze mbegu ghafi.

Na asiyebadilisha chochote naye asijione yuko salama kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, pamoja na kanuni zake za 2005, iliwadai ukaguzi wa mazingira hata wenye miradi iliyoanza kabla yake. Umri wa mashine hauondoi wajibu wa kuonyesha maji machafu yanakwenda wapi.