Geji ya Mafuta na Ndege ya Gimli

Dereva ambaye geji ya mafuta ya gari lake imekufa hana haja ya kulilaza gari. Atatia kijiti ndani ya tangi, atakitoa na kutazama kilipolowana, kisha atakisia safari yake. Akikosea, gari litazimika njiani, naye atashuka na kubeba dumu. Rubani hawezi kushuka. Hata hivyo, tarehe 23 Julai, 1983, ndege kubwa ya abiria ya shirika la Air Canada iliondoka Montreal kwa hesabu ya kijiti, geji zake zote za mafuta zikiwa hazionyeshi kitu, nayo ikaishiwa na mafuta katikati ya safari, futi 41,000 angani. Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ushujaa wa marubani. Na ushujaa ulikuwapo. Lakini jambo linalostahili kuchunguzwa zaidi lilitokea ardhini, mikononi mwa mafundi, kabla injini hazijawashwa.

Ndege hiyo ilikuwa Boeing 767, mpya wakati ule. Geji ya ndege ya namna hiyo haitegemei boya lipandalo na kushuka pamoja na mafuta, kama ilivyo katika magari mengi. Ndani ya matangi husimamishwa vipimo vya umeme. Mafuta yapandapo au yashukapo kati ya kuta za vipimo hivyo, uwezo wao wa kuhifadhi umeme hubadilika, na kifaa kimoja hukusanya habari zote na kuzigeuza kuwa kilo. Kifaa hicho kilikuwa na njia mbili, kila moja ikiweza kufanya kazi peke yake. Walioiunda waliona kwamba wameifunga milango yote: njia moja ikifa, ya pili itashika kazi.

Kilichotokea hawakukitazamia. Katika njia ya pili palikuwa na koili ambayo kiungo chake kililehemiwa vibaya. Umeme ulipita, lakini haukutosha. Njia hiyo haikuwa hai wala haikuwa imekufa. Kwa kuwa haikufa, kifaa hakikuhamia njia ya kwanza. Na kwa kuwa haikuwa hai, geji zilibaki tupu. Mgonjwa wa namna hiyo ndiye amsumbuaye mganga kuliko mgonjwa mwingine yeyote.

Usiku uliotangulia safari, fundi mmoja mjini Edmonton alizikuta geji zimezimika. Alikuwa amekwisha kuiona hitilafu hiyo siku za nyuma katika ndege ile ile, akajua la kufanya. Aliivuta swichi ya usalama ya njia ya pili, akaikatia umeme kabisa. Mara kifaa kikahamia njia ya kwanza, na geji zikarudi. Kifaa kingine cha kubadilisha hakikuwapo. Basi akaitia swichi ile alama ya utepe, akaandika katika daftari la ndege, na asubuhi ndege ikaruka salama hadi Montreal kwa kupitia Ottawa. Aghalabu wasimulizi humpita fundi huyu kwa haraka, ilhali ndiye aliyeyaelewa mambo kuliko wote waliomfuata siku ile. Hakukijua kiungo kibovu, lakini alijua ugonjwa umelala upande gani, na tiba yake ya muda ilikuwa sahihi.

Upungufu ulikuwa katika maandishi. Daftari lilieleza kwamba geji zilikutwa tupu, kwamba swichi ya njia ya pili imevutwa na kutiwa alama, na kwamba mafuta yapimwe kwa kijiti kabla ya kuondoka. Jambo moja halikuwamo: kwamba kuvutwa kwa swichi ndiko kulikozirudisha geji. Aliyesoma bila kuambiwa aliweza kudhani kuwa geji zilikuwa tupu hata sasa.

Huko Montreal fundi mwingine aliyasoma maandishi hayo, yakamtatiza. Akaingia chumba cha marubani na, kwa nia njema ya kujaribu, akaisukuma swichi mahali pake. Geji zikazimika. Papo hapo lori la mafuta likawasili, akaitwa kazini, akaondoka bila kuivuta tena. Utepe ulibaki juu ya swichi, hata mtu akitazama angeiona kama bado imevutwa. Rubani mkuu, Robert Pearson, alikuwa amezungumza na rubani aliyeileta ndege asubuhi, na kwa maneno machache yale alielewa kwamba ilikuja geji zikiwa tupu. Alipoingia, alizikuta tupu. Alichokiona kililingana na alichosikia na alichosoma. Orodha ya vyombo ambavyo ndege haina ruhusa ya kuruka bila ya hivyo haikukubali safari ya geji tupu. Lakini orodha ilikuwa mpya, yenye kurekebishwa mara kwa mara, naye aliamini kwamba wakuu wa mafundi wamekwisha kuiruhusu.

Basi kikabaki kijiti. Kijiti hupima kina, na kina hutoa lita. Lakini ndege huhesabiwa kwa uzito, maana mafuta huvimba kwa joto na kusinyaa kwa baridi, ilhali uzito wake haubadiliki. Watu wa pwani yetu, ambao babu zao walipima nafaka kwa pishi na pembe kwa frasila, watafahamu upesi: pishi ni kipimo cha ujazo, frasila ni kipimo cha uzito, na pishi ya chumvi haiwi na uzito wa pishi ya mtama. Hapana budi pawepo namba ya kuvusha kutoka huku kwenda kule. Karatasi ya mafuta ilikuwa na namba 1.77, nayo ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya ratili kwa lita, kama zilivyotumia ndege nyingine zote za shirika. Boeing 767 ilikuwa ya kwanza kuhesabiwa kwa kilo, na namba yake ilikuwa karibu na 0.8. Zilihitajika kilo 22,300. Ndani ya matangi zilikuwamo lita 7,682. Kwa hesabu ile wakaongeza lita 4,917 tu, badala ya zaidi ya 20,000, na ndege ikaondoka na ratili 22,300, yaani pungufu ya nusu ya mafuta iliyohitaji. Ottawa walipima tena, na wakazidisha kwa namba ile ile.

Yaliyofuata yanajulikana sana. Injini zote mbili zilizimika, vyombo vingi vikafa pamoja nazo, na Pearson, aliyekuwa na ujuzi wa kurusha ndege zisizo na injini, akaielea ile ndege hadi Gimli, Manitoba, uwanja wa zamani wa jeshi ambako msaidizi wake Maurice Quintal aliwahi kutumikia. Njia ya kutua ilikuwa imegeuzwa kuwa mahali pa mashindano ya magari, na watu walikuwapo. Gurudumu la mbele lilikunjika, ndege ikaburuzwa kwa pua na kusimama. Watu wote 69 waliokuwamo walitoka hai, wachache wakiwa na majeraha madogo.

Shirika lilimshusha Pearson cheo kwa miezi sita, likamsimamisha Quintal kwa majuma mawili, na mafundi nao wakaadhibiwa. Tume ya Jaji George Lockwood, iliyotoa ripoti yake mwaka 1985, ilitazama mbali zaidi ya hapo. Katika ndege za zamani mtu wa tatu, mhandisi wa safari, ndiye aliyehesabu mafuta. Boeing 767 iliundwa kwa marubani wawili, mhandisi akaondolewa, na hakuna aliyekabidhiwa hesabu yake kwa dhahiri: marubani walidhani ni kazi ya mafundi, mafundi hawakuwa wamefundishwa vya kutosha. Mwaka huo huo marubani wawili walitunukiwa tuzo ya kimataifa kwa ustadi wao. Ndege yenyewe ilitengenezwa, ikarudi kazini, na ikaendelea kuchukua abiria hadi Januari 2008.