Masafa Hupimwa kwa Saa

Ukiweka rula juu ya ramani kati ya Dar es Salaam na Songea utapata kama kilometa 580. Huo ni mwendo wa ndege, nayo huumaliza kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Basi linalopitia Morogoro, Iringa na Makambako huenda zaidi ya kilometa 900, na abiria hushinda njiani kutwa nzima. Miji ni ile ile. Saa ndizo zinazotofautiana.

Historia ya kusini yetu ni historia ya saa hizo. Mwaka 1859 Mjerumani Albrecht Roscher aliondoka Kilwa mwezi Agosti kwa njia ya misafara ya pembe na watumwa. Alifika Ziwa Nyasa Novemba, hali mgonjwa. Livingstone, aliyetokea kusini, alikuwa amekwisha kuliona ziwa hilo miezi miwili nyuma.

Mwaka 1914 kuchelewa kulileta hasara kubwa zaidi. Uingereza na Ujerumani ziliingia vitani tarehe 4 Agosti. Tarehe 13 meli ya Waingereza, Guendolen, ilitokea Sphinxhafen, ndiyo Liuli ya leo, ikaipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani hakujua hata kwamba kuna vita! Habari zilikuwa zimewafikia Waingereza. Yeye zilikuwa hazijamfikia.

Kisha ikaja ndege. Januari 1932 shirika la Imperial Airways lilianza safari ya London hadi Cape Town, siku 11, likitua Nairobi, Dodoma na Mbeya. Ulaya ikasogea Mbeya. Lakini mtu wa Litembo, juu katika milima ya Wamatengo, hakusogezewa kitu, kwa kuwa ndege hufupisha njia pale inapotua tu.

Somo hilo halijapitwa na wakati. Leo ndege za abiria hutua Songea, na lami imepita Mbinga ikashuka hadi Mbamba Bay. Hayo ni maendeleo, nani atakayeyabeza? Lakini mama mjamzito anayekimbizwa hospitali ya Litembo usiku wa masika hana haja ya kujua Songea ni saa ngapi kutoka Dar es Salaam. Kwake safari ni kile kipande cha kutoka kijijini hadi hospitali. Kwenye ramani hakizidi ukucha. Kwenye utelezi na giza chaweza kuwa kirefu kuliko anga yote ya kwenda Dar es Salaam.

Basi tukijengewa viwanja vya ndege tushangilie, kisha tuulize swali la pili: kutoka kijiji cha mwisho hadi hapo ni saa ngapi? Asiye na jibu hilo hajaujua bado ukubwa wa nchi hii.