Kwa nini Wasambaa waliyakataa matuta

Leo sina dawa ya kantangaze wala bei ya mbolea. Nataka tukae kidogo na historia ya milima ya Usambara, kwa sababu kuna swali ambalo sisi maafisa ugani tunalikimbia: kwa nini ushauri unaoonekana mzuri hukataliwa na watu wanaojua kulima?

Swali hilo lilinipata mwaka wangu wa kwanza kazini huko mlimani. Nilifika kwenye shamba la bibi mmoja nikiwa na kamba, vigingi na fremu A, nipime mistari ya kontua. Alinikaribisha vizuri, akanipa ndizi za kuchoma, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu, haya ndiyo yale matuta?" Nikamwambia hapana bibi, haya ni makinga maji. Akasema, "Haya. Basi hiyo kamba irudishe kwanza kwenye pikipiki."

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Ilinichukua muda kujua kwamba alikuwa anakumbuka vizuri kuliko mimi.

Kama umewahi kupanda gari pale Mombo kwenda Lushoto, unajua jinsi nchi inavyobadilika. Chini ni joto, vumbi na mkonge. Barabara inaanza kujipinda kando ya korongo, unapita Soni, na kabla hujamaliza soda yako umeshaanza kutafuta sweta. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hugonga milima, hupanda, hupoa na kuacha maji yake huko juu. Amani, upande wa mashariki, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mombo, iliyo chini nyuma ya milima, haifikii nusu ya hizo. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama ukingoni mwa mlima akiwa amelowa ukungu, akatazama watu wa bondeni wakililia mvua.

Wasambaa waliigawa dunia yao kwa maneno mawili: Shambaai, yaani mlimani kwenye mvua na migomba, na nyika, yaani tambarare kavu iliyo chini. Lakini usidhani waliikimbia nyika. Vijiji vingi vya zamani vilijengwa karibu na ukingo wa mlima, na sababu yake ni ya kilimo kabisa. Mtu wa ukingoni aliweza kuwa na migomba karibu na nyumba na shamba jingine kule chini. Mvua ikizidi juu na mahindi yakaoza, chini yameiva. Chini kukikauka, juu kuna ndizi. Leo sisi tunaenda semina kufundishwa kutawanya hatari. Wao waliamua hata mahali pa kujenga nyumba kwa hesabu hiyo.

Na migomba yenyewe uitazame kwa jicho la mkulima. Jani lake pana hupokea tone la mvua kabla halijapiga udongo. Majani makavu na vigogo vilivyokatwa hulala chini na kuufunika. Katikati yake huwekwa maharage, magimbi, mahindi kidogo. Shamba kama hilo kwenye mteremko mkali ni kinga ya udongo, ingawa mgeni akiliona atasema ni vurugu.

Mvua ilikuwa pia mambo ya utawala. Masimulizi ya Wasambaa yanamtaja Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu, aliyewaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba na kuwagawia watu nyama, mpaka wakampa ufalme. Mimi hupenda kwamba ukoo mzima wa kitawala, Wakilindi, ulianza kwa mtu aliyetatua tatizo la wanyama waharibifu shambani! Mji wao mkuu ulikuwa Vugha. Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika huko na kumkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala nchi iliyoenea kutoka milimani hadi kuelekea pwani.

Kwa Kisambaa kuna maneno mawili ninayoomba uyakumbuke: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu nchi. Mfalme mwenye nguvu asiye na mshindani aliaminika kuiponya nchi, kwa kuwa uwezo wake wa mvua haukuwa na wa kuupinga. Wakubwa wawili wakishindana, nguvu kwa nguvu, mvua huharibika na njaa huingia. Hilo lilitokea kweli baada ya Kimweri kufa katika miaka ya 1860. Semboja, mmoja wa wanawe, aliweka makao yake Mazinde, chini nyikani, kwenye njia ya misafara. Huko ndiko bunduki zilikopita, na aliyekuwa na bunduki alimshinda aliyekuwa na mvua. Vita vya kurithi vikafuata, na watu wengi wakauzwa utumwani. Wewe mfanyabiashara utaona kitu hapo: njia ya bidhaa ilipohama, na mamlaka yalihama nayo.

Wajerumani wakaja. Lushoto wakaiita Wilhelmstal. Walichukua ardhi upande wa mashariki wakapanda kahawa, wakiamini kwamba msitu mnene namna ile lazima uko juu ya udongo tajiri. Kahawa iliwaangusha. Rutuba ya misitu ya namna hiyo iko zaidi kwenye majani yanayooza juu kuliko kwenye udongo wenyewe. Ukishafyeka, mvua inachukua kilichobaki. Mwaka 1902 walianzisha kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo pale Amani, na mwaka 1905 reli kutoka Tanga ilifika Mombo. Wanaume wakaanza kushuka kwenda kwenye mashamba ya mkonge. Kazi hiyo iliendelea wakati wa Waingereza, kwa kipande cha siku 30, na jembe la mlimani likabaki mikononi mwa wanawake.

Sasa tumefika kwenye matuta.

Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wameongezeka, sehemu ya ardhi imeshikwa na walowezi na misitu ya hifadhi, na mahindi yamechukua nafasi ya migomba katika mashamba mengi. Mahindi huuacha udongo wazi. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, na hapo wataalamu wa serikali ya Kiingereza hawakukosea. Mwaka 1946 walianza mpango wao katika bonde la Mlalo, na mwaka 1950 wakaupanua kuwa mpango wa Usambara nzima. Kila shamba la mteremko lilitakiwa kuinuliwa matuta yaliyofungwa kama visanduku, maji yasiteremke. Miteremko mikali zaidi ikapigwa marufuku kulimwa. Asiyelima matuta alipelekwa barazani na kutozwa faini.

Hebu uwe mwanamke wa Mlalo mwaka ule. Mume yuko mkongeni. Una vipande vitatu vinne vya shamba, kila kimoja kilima chake. Unaamriwa kuhamisha udongo kwa jembe la mkono, shamba zima, na msimu ukiisha urudie tena. Migomba yako inakuzuia kupanga visanduku vilivyonyooka. Mvua kubwa ikija, visanduku vinashika maji, udongo wa mteremko unakuwa mzito, na hapo kuna hatari ya kuteremka wote kwa mkupuo. Kipande kilichopigwa marufuku ndicho pekee alichonacho jirani yako maskini, wakati mwenye ardhi nyingi anahamia kwingine bila shida. Na anayekuja kukagua ni mtu wa chifu, yule yule anayekusanya kodi.

Watu wakasema wazungu wanataka kuichukua ardhi: wakishaiona imetengenezwa vizuri watakuja kukaa. Ukisoma ripoti za wakati ule unaweza kudhani huo ulikuwa ushamba. Lakini hao hao walikwisha kuona ardhi nzuri ikichukuliwa. Matuta yakawa kubana shi. TANU ilipoundwa mwaka 1954 haikuhitaji kuhubiri sana huko milimani, kwani hasira ilikuwa tayari. Milima ya Uluguru ilikuwa na mpango unaofanana, nao uliishia kwenye ghasia mwaka 1955. Usambara mpango uliachwa kabla ya Uhuru, na watu waliyasawazisha matuta kwa majembe yale yale.

Ubaya ni kwamba mmomonyoko haukuondoka na Waingereza. Na kwa miaka mingi baada ya Uhuru, neno matuta lilikuwa limeshaharibika, hata lilipotamkwa na mtu mwenye nia njema. Mwaka 1981 ulianza mradi wa Tanzania na Ujerumani ya Magharibi, SECAP, wa kuzuia mmomonyoko na kupanda miti mashambani. Nao ulikuwa na makosa yake, lakini kitu kimoja ulifanya tofauti: ule mstari wa kontua ulipandwa majani ya gwatemala na miti, na majani hayo yanaliwa na ng'ombe. Ng'ombe akifungwa bandani anatoa maziwa na samadi, na samadi inarudi kwenye mahindi au kabichi. Udongo unazuiwa pale pale, kwa mizizi, bila mtu kuuhamisha kila mwaka. Mama wa Lushoto hakuwa analinda udongo kwa ajili ya bwana shamba; alikuwa anakata malisho.

Yule bibi nilimrudia msimu uliofuata, safari hii na mzigo wa vipandikizi vya gwatemala nyuma ya pikipiki. Hakuuliza habari za udongo. Aliuliza kama ng'ombe wa maziwa anayapenda, kisha akanionyesha pa kuanzia: mstari mmoja tu, juu ya kipande ambacho mahindi yake yalikuwa ya manjano. Mwaka wa tatu aliniuliza ile kamba iko wapi.

Kama shamba lako ni la mteremko na unataka kujaribu, anza na mstari mmoja kama yeye. Panda mvua zinapoanza, vipandikizi vikaribiane, na ukate majani mara kwa mara. Ukiyaacha yazeeke yatavuta chakula cha mahindi yaliyo jirani, na hapo utanilaumu kwa haki. Migomba iliyopo usiing'oe ili kunyoosha mstari. Mstari ndio upinde.